Nilisema magari ni mazima

Kwa kawaida hapa ninawaletea habari za mji wetu wa Likasi: bei ya unga sokoni, maji yaliyokatika Kikula, mvua iliyobeba kipande cha barabara. Leo ninaandika juu yangu mwenyewe, na juu ya sentensi moja niliyoisema kwenye redio asubuhi moja. Tangu siku ile haijanitoka kichwani.

Ofisi moja ilikuwa imemaliza kukagua magari yanayobeba abiria kwenye barabara ya Likasi na Lubumbashi, zile kilomita kama 120 ambazo wengi wetu tunazipita kila mwezi. Nilifika na kinasa sauti changu. Mkuu wa wakaguzi alisema maneno haya: "Tumekagua. Hakuna kasoro iliyoonekana." Hewani nilikuwa na sekunde hamsini tu, na habari zilikuwa tano. Nikafupisha. Nikasema: "Magari yamekaguliwa, ni mazima, wasafiri wasiwe na hofu."

Majuma matatu baadaye, moja ya magari yale lilikuwa linashuka mteremko, gurudumu la mbele upande wa kushoto likang'oka. Gari likaenda mtaroni. Hakuna aliyekufa, tunamshukuru Mungu, lakini mama mdogo wangu, mdogo wa mama aliyenizaa, alivunjika nyonga. Alikuwa anauza unga wa mahindi, na alikuwa anaenda Lubumbashi kutafuta magunia ya bei nafuu. Leo anatembea na fimbo, na beseni la unga kichwani hawezi tena.

Nilipoenda kumwona hospitalini sikujua nianze wapi. Yeye ndiye aliyeanza. Akaniambia: "Mwanangu, nilikusikia mu redio. Njo maana nilipanda ile gari." Hakusema kwa hasira. Alisema vile mtu anavyoeleza mambo yalivyofuatana. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Ninaweza kujitetea. Ninaweza kusema nilirudia tu maneno ya mkuu. Lakini si kweli, na wanaofanya kazi hii wanajua. Mkuu alisema hakuna kasoro iliyoonekana. Mimi nilisema magari ni mazima. Kati ya sentensi hizi mbili kuna nafasi ndogo, na katika nafasi ile ndogo mama mdogo alivunjika nyonga.

Baada ya hapo nilienda kwa fundi ambaye gari lile liliburutwa mpaka kiwanjani kwake. Nilitaka kuona kilichovunjika. Fundi akaniletea vipande viwili vya mhimili wa gurudumu, kile chuma kifupi kinachotoka kwenye ekseli ya mbele na kubeba gurudumu. Ulikuwa umekatika pale unapobadilika unene, mahali mafundi wanapaita bega. Akaniwekea mahali palipokatika chini ya macho. Palikuwa na rangi mbili. Sehemu moja ilikuwa nyeusi, yenye mistari iliyopindana kama ganda la konokono. Sehemu nyingine ilikuwa inang'aa, mbichi, yenye chembechembe.

"Hii yenye kung'aa ilivunjika siku ya ajali," akasema. "Hii nyeusi ilianza zamani. Kila shimo la barabara linaongeza kidogo. Mpaka chuma kilichobaki kinashindwa."

Nikamwuliza: wale wakaguzi hawakuuona ufa huu? Akacheka kidogo. Ufa ulikuwa chini ya mafuta na kutu, mwembamba kuliko unywele. Walitazama matairi, taa na breki. Walitazama kwa macho, na macho yao hayakusema uongo. Hayakuona kitu.

Mama mdogo yuko na binti anayesoma uinginia katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Mimi ninamwita mdogo wangu, yeye ananiita Yaya. Mwaka ule alikuwa anatafuta kichwa cha kazi yake ya kumaliza masomo. Wenzake walichukua pampu, umeme wa jua, udongo wa madini. Yeye alichukua kichwa kirefu kilichonichosha kukisoma: kuigiza kwa kompyuta njia za sumaku za kutafuta kasoro katika chuma. Sikumwuliza kwa nini, wala yeye hakuniambia.

Alipokuja likizo alileta kompyuta ya kubeba, ya zamani, iliyokuwa imepoteza herufi mbili. Umeme ulikuwa unakuja usiku, kati ya saa tano na saa tisa hivi, kwa hiyo saa zile ndizo alizofanyia kazi. Mimi pia ninaamka mapema kwa ajili ya matangazo. Tukawa tunakutana mezani usiku, yeye na pembetatu zake, mimi na chai.

Usiku wa kwanza alinieleza habari ya sumaku na chuma. Nguvu ya sumaku inapenda kupita ndani ya chuma kuliko hewani, kwa sababu chuma kinairahisishia njia. Lakini ikikutana na ufa, imekutana na hewa. Sehemu ya nguvu ile inapita chini ya ufa, na sehemu nyingine inaruka nje ya chuma na kurudi ndani upande wa pili. Palipo na ufa, kwa hiyo, nguvu ya sumaku inamwagika nje.

Mimi ni mtu wa redio, ninatafuta mfano. Nikamwambia: ni kama njia ya soko mama mmoja anapoweka beseni lake la samaki katikati. Watu hawasimami. Wanapita pembeni, wengine wanakanyaga mtaro, wengine wanaruka bidhaa za jirani. Ukiwa mbali huoni beseni, lakini unaona watu waliomwagika nje ya njia, na unajua pale kuna kitu.

"Njo vile," akasema. "Na kifaa chetu hakitafuti beseni. Kinatafuta watu waliomwagika."

Jambo hili si jipya. Mwaka 1868 Mwingereza aliyeitwa Saxby alisumakisha mitutu ya mizinga, akapitisha dira juu yake. Pale mshale ulipotikisika bila sababu, ndani ya mtutu palikuwa na kasoro. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mmarekani William Hoke alikuwa anasaga vipande vya chuma vilivyoshikwa na sumaku. Akaona unga wa chuma unajipanga mistari, na mistari ile inafuata nyufa. Leo katika migodi yenye visima virefu kamba za chuma zinazoshusha watu zinapitishwa ndani ya kifaa chenye sumaku, na mabomba ya mafuta yanatembelewa ndani na mashine zenye sumaku. Ila njia hii ni ya vyuma vinavyotii sumaku tu. Shaba, inayotulisha sisi watu wa Katanga, haijali sumaku hata kidogo. Kobalti, ikishasafishwa kuwa metali, inaitikia.

Nilidhani nimeelewa. Nikamwuliza: "Kwa hiyo kompyuta itatuambia kama chuma kimepasuka?"

"Hapana, Yaya. Kompyuta haijawahi kuona chuma chochote. Ni mimi ninayechora chuma, na ni mimi ninayechora ufa. Yenyewe inanijibu: ufa wa namna hiyo, mahali hapo, ungemwaga nguvu kiasi gani nje."

"Sasa faida iko wapi, kama ufa unauweka wewe mwenyewe?"

Akafikiri kidogo. "Nijue nitafute nini. Na nijue kipi kitanipita."

Maneno yale ya mwisho ndiyo yaliyonifanya nivute kiti karibu.

Programu aliyotumia inaitwa FEMM, imeandikwa na Mmarekani David Meeker, na inatolewa bure. Ni ndogo, kompyuta ya zamani inaiweza. Kwanza unachora umbo la chuma. Kisha unaiambia chuma hicho ni cha aina gani, maana kila aina inapokea sumaku kwa namna yake, na ikishashiba haiongezi tena. Kisha unachora sumaku. Kisha unachora hewa. Hili lilinishangaza: hewa pia inachorwa, tena kubwa, mara nyingi kuliko chuma chenyewe. Ukiikata hewa karibu sana, nguvu inayomwagika inabanwa na ukingo wa mchoro wako, na jibu linakuwa la uongo.

Halafu programu inagawanya mchoro wote katika pembetatu, maelfu kwa maelfu, na katika kila moja inatafuta nguvu ya sumaku inayokubaliana na jirani zake. Mwaka 1975 William Lord na J. H. Hwang, huko Marekani, walitumia njia hii ya vipande vidogo kwa nyufa katika chuma. Mbele yao, mwaka 1966, Warusi Zatsepin na Shcherbinin walitoa hesabu fupi zaidi: uchukulie kuta mbili za ufa kama sumaku mbili zinazotazamana, kaskazini upande huu, kusini upande ule. Hesabu ile unaweza kuifanya kwa kalamu. Mdogo wangu aliifanya kwa kalamu kwanza, kisha kwa kompyuta. Alisema mtu asiyeweza kukadiria jibu kwa kalamu hatajua siku kompyuta inamdanganya.

Na kompyuta ilimdanganya. Usiku wa pili aliacha pembetatu kubwa karibu na ufa, na jibu likatoka kama meno ya msumeno. Akazipunguza, jibu likabadilika. Akazipunguza tena, likabadilika tena, kidogo. Akaendelea mpaka likaacha kubadilika. Hapo ndipo aliandika nambari katika daftari. Nilihesabu: kwa nambari moja alirudia mara sita.

Nikakumbuka sekunde zangu hamsini. Mimi habari ile sikuirudia hata mara moja.

Nambari moja aliyonionyesha ninaikumbuka vizuri. Kwa hesabu ya kalamu alichukua ufa wenye kina cha milimita 2 na upana wa milimita 0.2. Kifaa cha kupima kikiwa nusu milimita juu ya chuma, kinapata alama fulani. Kikiinuliwa mpaka milimita 3, alama inashuka karibu mara 12. Milimita mbili na nusu tu za rangi, mafuta na kutu, na ufa uleule unakaribia kunyamaza. Ufa haukupona. Haukufunga. Umenyamaza tu kwa yule anayesikiliza kutoka mbali.

Akanionyesha pia ufa unaolala sambamba na njia ya sumaku. Nguvu inateleza pembeni yake, karibu hakuna kinachomwagika. Ni kama beseni jembamba lililolazwa kufuata njia: watu wanapita tu. Kwa hiyo sumaku ielekezwe njia mbili, mara hivi, mara vile. Aliyeielekeza njia moja tu amekagua nusu.

Sasa nifike kwenye jambo lililotuondoa mezani.

Gari lile lilikuwa na mihimili miwili. Wa kushoto ulivunjika. Wa kulia ulikuwa bado kwa fundi, na mwenye gari alikuwa anauza kila kilichobaki. Siku moja fundi aliniambia kuna mtu ameshatoa malipo ya kwanza kwa ule mhimili wa kulia, ataufunga kwenye gari lake la abiria. Nikauliza: uko mzima? Fundi akainua mabega. "Nimeuosha, nimeutazama. Sioni kitu."

Sioni kitu. Nilirudi nyumbani nikamweleza mdogo wangu. Usiku ule umeme ulipokuja hakuendelea na kazi yake ya shule. Alichora mhimili.

Kwa kuwa mhimili ni mviringo, unachora nusu ya umbo lake tu na programu inauzungusha. Akaweka sumaku upande huu na upande ule wa bega. Akapiga hesabu mara mbili, mara moja bila ufa, mara moja na ufa. Nilitarajia bila ufa tuone kimya, na ufa ukiwepo tuone kelele. Sivyo ilivyotokea. Hata bila ufa, nguvu ilimwagika pale begani, kwa sababu tu unene unabadilika ghafla. Mchoro wake ulikuwa kama kilima kipana. Ufa ulipoongezwa, kilima kilibaki palepale, lakini juu yake kikaota kijino chembamba.

"Umeona?" akasema. "Unga wa chuma utajikusanya pale hata kama hakuna ufa. Asiyejua atapiga kelele. Sisi tutafute kijino, tuache kilima."

Aliandika pia upungufu wa mchoro wake. Aina ya chuma aliichukua kutoka orodha ya programu, chuma cha kawaida kinachoitwa 1020, na mhimili wa gari hautengenezwi kwa chuma hicho. Tena, programu ikizungusha mchoro, inazungusha na ufa, kwa hiyo ufa wake ni pete kamili. Ufa wa kweli ni kama ukucha, upande mmoja tu, na unamwaga kidogo kuliko pete. "Kompyuta inatusifu," akasema. "Kwa kweli tutaona kidogo kuliko hiki. Ufa usiofika milimita moja, kwa sumaku tulizo nazo, mimi siuahidi."

Sumaku tulizo nazo zilitoka kwetu, redioni. Kulikuwa na spika mbili kubwa zilizoungua siku nyingi, zikikaa stoo. Mkuu wa kituo akaniruhusu. Fundi alizibomoa taratibu, akatoa zile pete nyeusi za sumaku, akaziunganisha juu kwa kipande cha chuma, moja ikiwa imegeuzwa, na chini akazifungia miguu miwili ya chuma laini. Unga wa chuma tuliupata kwa tupa, tukauchuja kwa kitambaa. Mdogo wangu aliusugua mhimili mpaka ukatakata, kisha akapaka chokaa nyepesi ili unga mweusi uonekane. Nilipotaka kuongeza chokaa alinizuia mkono. Nikakumbuka milimita zile, nikaacha.

Kwanza aliweka miguu ya sumaku ikikingama mhimili. Akanyunyiza unga, akagonga kidogo kwa kidole. Hakuna kitu. Vijana wa kiwanjani waliokuwa wamekusanyika wakaanza kuondoka. Mwenye gari, aliyekuwa amesimama nyuma yetu mikono mfukoni, akasema: "Si niliwaambia. Uko mzima."

Mdogo wangu hakumjibu yeye. Alinigeukia mimi.

"Yaya, usiseme iko mzima. Sema hatukuona."

Akageuza sumaku, miguu ikafuata urefu wa mhimili, mmoja huku, mmoja kule ya bega. Akanyunyiza tena. Unga ukakimbilia begani, ukajaa mzunguko mzima kama ndevu. Nikapiga kelele: "Ufa!" Akatikisa kichwa. Kile kilikuwa kilima. Akainama, akapuliza polepole, vile mama anavyopuliza majivu asizime moto. Zile ndevu zikatawanyika. Akauzungusha mhimili kidogo, akahamisha sumaku, akanyunyiza, akapuliza. Mara ya tatu hakuna. Mara ya nne ukabaki mstari mmoja mweusi, mwembamba, wenye urefu wa ukucha wa kidole gumba. Akapuliza tena, kwa nguvu zaidi. Haukuondoka.

Hakuna aliyesema kitu. Fundi akaenda kuleta miwani yake.

Mwenye gari alisema tunamharibia biashara, na kwamba unga wa chuma na chokaa ni mambo ya waganga. Sikumlaumu sana, gari lake limekufa na deni lake liko hai. Nilimwuliza bei ya chuma chakavu, nikaongeza kidogo, nikaununua mhimili ule kwa pesa yangu ya usafiri wa mwezi. Fundi akauweka kwenye mashine ya kukandamiza, akasukuma mpaka ukakatika. Ukakatikia begani. Ndani palikuwa na rangi mbili: sehemu inayong'aa, na pembeni, chini ya ule mstari, nusu mwezi mweusi. Mdogo wangu alipima kina chake kwa rula: milimita 4.

Aliandika nambari ile katika daftari. Halafu akaandika kitu kingine, na nikasoma juu ya bega lake: kwamba jaribio hili linathibitisha ufa mmoja, mahali pamoja, na halisemi lolote juu ya nyufa ambazo hazikupatikana. Nikamwambia, mdogo wangu, leo umeshinda, kwa nini unaandika hivyo? Akasema maprofesa watauliza. Kisha, akifunga daftari: "Na kurudi nyuma ni kugumu, Yaya. Kutoka kwenye ufa kwenda kwenye alama, kompyuta inajua. Kutoka kwenye alama kurudi kwenye ufa, nyufa mbili tofauti, mmoja mpana mfupi, mwingine mwembamba wa kina, zinaweza kuleta alama zinazofanana."

Nimefanya kazi ya redio zaidi ya miaka kumi. Nilisoma sekondari, nikafuata mafunzo ya uandishi wa habari, na pale tulifundishwa nani, nini, wapi, lini, kwa nini. Hakuna aliyenifundisha swali hili: njia uliyotumia kutazama, ni kitu gani isichoweza kuona? Nilijifunza swali hilo kwenye kiwanja cha fundi, kutoka kwa binti anayeniita Yaya.

Juma lililofuata niliomba nafasi ya kusahihisha. Mkuu wa kituo alisita, kwa maana nani anasahihisha habari ya miezi mingi nyuma? Mwishowe alinipa sekunde arobaini. Nilisema: "Siku zilizopita niliwaambia magari ya abiria ni mazima. Nilikosea. Nilichokuwa ninajua ni kwamba yametazamwa kwa macho na hakuna kasoro iliyoonekana. Macho hayaoni ufa ulio chini ya mafuta na kutu." Sauti yangu ilitetemeka, na fundi mitambo alidhani ni kipaza sauti.

Watu walipiga simu. Dereva mmoja alinitukana, akasema ninatisha abiria. Wawili waliuliza kile kifaa cha spika kiko wapi. Niliwaambia ukweli: kile ni kitu cha kujaribia, si kifaa cha kukagua. Kifaa cha kweli kinataka mtu aliyesomea, na kipimo chenye ufa unaojulikana, ili kila asubuhi ujue kama kifaa chako kinaona. Lakini fundi wetu hakusubiri. Tangu siku ile, mihimili iliyotumika haifungi kwenye gari la abiria bila kuisugua, kuipaka chokaa na kunyunyiza unga, njia mbili. Akipata mstari anaukata mhimili kwa msumeno, asije mtu mwingine akauuza. Asipopata kitu, anamwambia mwenye gari: "Sikuona." Neno "mzima" ameliacha.

Ninyi wasomaji, mkiambiwa kitu kimekaguliwa, iwe gari, daraja au tangi la maji, ulizeni mambo matatu: wametazama nini, kwa njia gani, na njia hiyo haiwezi kuona nini. Anayekagua kweli hatakasirika. Atafurahi mtu amemwuliza.

Mdogo wangu alitetea kazi yake Lubumbashi. Mama mdogo alitaka kuwepo. Ilikuwa mara ya kwanza kwake kurudi kwenye barabara ile. Tulifika kituoni alfajiri, yeye na fimbo yake na kitambaa kipya kichwani. Akasimama mbele ya gari, akalitazama toka juu mpaka magurudumu, kisha akanitazama mimi.

"Iko mzima?"

Nilikuwa nimefika pale jana yake. Nilikuwa nimemwuliza dereva, na nimemwuliza fundi wake.

"Mama, sijui. Breki wamezifungua mbele yangu. Mihimili ya mbele fundi ameipima juma lililopita, hakuona ufa. Ya nyuma hajaigusa."

Akatulia kidogo, kama anayepima uzito wa unga mkononi. Halafu akanipa fimbo niishike, akashika mlango, akapanda. Nikapanda nyuma yake, nikakaa kiti cha pembeni mwake, upande wa gurudumu.